Pepeo la Mwenye Majeneza

Memphis, 10 Septemba 1978

Dada yangu Ozella,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nawe unisalimie Mchungaji na kina mama wote wa nguo nyeupe. Mimi sijambo, ni miguu tu inayolalamika.

Nimeanza shule ya uuguzi, Dada! Mwanamke wa miaka arobaini na minne, mjane, niliyewapikia watoto wa shule za watu mpaka mikono ikanuka vitunguu hata siku ya Krismasi, leo nabeba vitabu vyangu mwenyewe. Siku ya kwanza msichana mmoja aliniuliza, "Mama, umekuja kumwandikisha binti yako?" Nikamwambia, "Binti yangu kashaolewa. Nimekuja kujiandikisha mwenyewe." Sasa wote wananiita Mama Stovall na wananiachia kiti cha mbele.

Mwalimu wetu wa wodini ni Bi Claudine Beasley. Mweusi kama sisi, Mbaptisti tangu tumboni mwa mama yake, lakini ulimi wake unakata bati. Aliuliza nani kati yetu amewahi kuvaa nguo nyeupe za uuguzi. Nikanyoosha mkono, kichwa juu. "Mimi. Miaka ishirini, Kanisa la Mlima Pisga, kwetu Arkansas. Dada yangu ndiye mwenyekiti wa wauguzi wa kanisa."

Akanitazama kutoka viatuni mpaka kwenye nywele. "Wale wenye glavu na mapepeo ya kadibodi? Bi Stovall, wale si wauguzi. Wale ni maua ya madhabahu. Hapa utaanza upya."

Darasa likacheka, nami nikacheka nao, maana ukifikiri vizuri ana haki yake. Sisi tulijua nini, Dada? Mtu akiangushwa na Roho, tunamfunika miguu na kumpepea.

Tukimaliza mwezi wa Juni tutavishwa beji. Kila mwanafunzi humchagua mtu wa kumbandika ile beji kifuani. Nawaza kumwomba Bi Beasley mwenyewe, kama atakuwa amenikubali kufikia siku hiyo.

Niombee.
Mdogo wako, Vernell


Cypress Fork, 24 Septemba 1978

Mdogo wangu Vernell,

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa.

Jumapili, saa ya matangazo, niliinuka nikasema, "Vernell wetu anasomea uuguzi wa leseni, na Juni anavishwa beji." Kanisa likapasuka kwa amina. Shemasi Yarbrough unamjua, hawezi kuliacha neno lipite bila kulikanyaga mkia. Akanisubiri mlangoni. "Mama Ozella, huo uuguzi wa mwaka mmoja, ni uuguzi mzima au nusu?" Nikamjibu, "Shemasi, wewe una miaka thelathini kwenye ushemasi, na bado tunaisubiri nusu ya pili." Lakini niandikie jibu zuri zaidi, nimfunge mdomo.

Habari za basi la kanisa zimeshaanza. Kina mama wote wa nguo nyeupe wanakuja Juni, na kambare wa kukaanga atakuja nao, kwa hiyo waambie hao wasichana wako wasile asubuhi.

Unajua niliwahi kubisha mlango wa shule kama hiyo, enzi zile mlango ukiwa wa Wazungu peke yao. Nikapewa ufagio. Nimeifagia hospitali ya kaunti mpaka mume wangu alipokufa. Ukivaa wewe hiyo beji, nimeivaa mimi.

Hayo ya maua ya madhabahu nimeyasoma.

Kula vizuri.
Dada yako, Ozella


Memphis, 19 Novemba 1978

Dada mpenzi,

Mwambie Shemasi Yarbrough hivi: yupo muuguzi mkubwa, anayepanga na kuamua. Yupo msaidizi, anayeosha na kulisha. Katikati yao nitakuwepo mimi, nitakayetoa dawa, nitakayefunga kidonda, nitakayepima presha, nitakayekuwa wa kwanza kuona mgonjwa anabadilika rangi. Katikati si nusu. Hata kitovu kiko katikati, na Shemasi bila kitovu asingezaliwa.

Sijivuni, Dada. Namshukuru Mungu kwa sauti kubwa.

Wananipeleka kujifunzia kwenye nyumba ya wazee. Huko nina rafiki, Mzee Alonzo Whitlow, aliyekuwa akiimba besi kwenye makanisa ya mto mzima huu. Ana ugonjwa wa sukari, na kila asubuhi anachomwa sindano ya insulini. Ananiambia, "Leo nichome wewe, binti. Yule mwenzako ananichoma kama anashona gunia." Ndipo namchoma, na kabla sijatoa sindano anauliza, "Utaanza lini?" Hebu niambie kama hiyo si sifa.

Kumbe mwili una mambo mengi tusiyoyajua! Nikikumbuka tulivyokuwa tukikimbia na mapepeo yetu nacheka na kuona haya kwa pamoja.

Vernell wako


Cypress Fork, 10 Desemba 1978

Vernell,

Tumepata barua. Baridi imeingia, nguruwe wamechinjwa, nimekuwekea soseji. Shemasi nilimpa jibu lako la kitovu, akaondoka bila kofia.

Siku hizi nakaa benchi la nyuma kanisani. Magoti. Kikundi wanakiongoza wengine na nguo nyeupe imepumzika kabatini. Basi ni tarehe ile ile ya Juni.

Ozella


Memphis, 11 Machi 1979

Dada,

Pole na magoti. Yakande kwa maji ya moto, na usipige magoti sakafuni, Bwana anasikia hata ukikaa kitini.

Shule inaendelea. Kuhusu basi, msiharakishe. Tarehe za hapa huwa zinabadilika.

Ni mimi, Vernell


Cypress Fork, 18 Machi 1979

Vernell,

Karatasi moja! Wewe uliyeniandikia mpaka rangi ya soksi za mwalimu, leo unanipa karatasi moja na ushauri wa maji ya moto?

Nilikulea mimi. Nilikuwa nakusikia ukidanganya hata ukiwa chumba kingine, maana ulikuwa unaongea taratibu. Hii barua inaongea taratibu. Umefukuzwa? Unaumwa? Kuna mwanamume? Chochote kile, kiandike. Mimi si Shemasi Yarbrough.

Dada yako


Memphis, 25 Machi 1979

Dada yangu,

Nimepiga magoti kwanza, sasa naandika.

Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi huu, zamu yangu kwenye nyumba ya wazee. Mzee Whitlow alikuwa amekwisha kuchomwa insulini. Nikampelekea sinia lake: mayai, uji mzito wa mahindi, mkate. Akalisukuma kwa kidole. "Binti, leo kuna Meza ya Bwana. Sijatia kitu mdomoni kabla ya Meza tangu nilipobatizwa mtoni."

Hapo ningetakiwa kumwona mgonjwa wa sukari mwenye dawa mwilini na tumbo tupu. Mimi nilimwona baba yetu, Dada. Unakumbuka Jumapili ya Meza hata maji alikuwa hanywi? Nikamwambia, "Amina, Mzee." Nikalirudisha sinia jikoni, wala sikumwambia mtu.

Ibada ikaanza ukumbini. Akaimba ile besi yake, madirisha yakaitikia. Mara akatetemeka, akapiga ukelele, akateleza kutoka kitini. Miaka ishirini ikaniamka mwilini, Dada. Nikamlaza, nikamfunika miguu kwa sweta yangu, nikatoa pepeo mkobani nikaanza kumpepea huku nikisema, "Asante Yesu, fanya kazi yako." Wazee wenzake wakapiga makofi. Nikajiona niko nyumbani.

Bi Beasley akaingia. "Bi Stovall, unafanya nini?"

"Ameshukiwa na Roho."

Akapiga goti, akamgusa paji la uso. Kisha akaushika mkono wangu akauweka pale pale. "Gusa. Tangu lini Roho Mtakatifu akamtoa mtu jasho la baridi?"

Alikuwa baridi, amelowa kama samaki.

"Amekula?"

Nikatazama upande wa jikoni.

"Vernell, nimeuliza, amekula?"

Ni mara ya kwanza kuniita kwa jina langu. Muuguzi mkubwa akaja mbio akamtia maji ya sukari kwenye mshipa, maana insulini bila chakula ilikuwa imeishusha sukari yake mno. Tulipokuwa tunangoja afumbue macho, Bi Beasley akaliona pepeo mkononi mwangu. Ni yale ya kanisani kwetu, upande mmoja Bwana Yesu na kondoo, upande wa pili jina la yule mwenye majeneza anayetugawia mapepeo, anwani na simu. Akalisoma lote. Akasema polepole, "Yaani ulikuwa unampepea mgonjwa wangu kwa tangazo la majeneza." Akalichukua.

Mzee Whitlow yu hai, Mungu asifiwe. Alipozinduka aliuliza, "Meza imenipita?"

Mimi nimetolewa wodini. Tarehe sita Aprili walimu watakaa waamue kama nitaendelea au nirudi nyumbani. Juni imekwisha kuniponyoka, wakisema hivi au vile. Sikukuandikia kwa sababu ya lile basi, na zaidi kwa sababu ya ule ufagio wako. Ningekuambiaje kwamba mlango uliokunyima wewe, mimi nimefunguliwa nikaingia, na sasa natolewa kwa kosa langu mwenyewe?

Vernell


Cypress Fork, 2 Aprili 1979

Vernell,

Barua yako ilifika Alhamisi. Nilikasirika mpaka nikaosha sufuria safi. Mtu angekufa. Hilo nalisema mara moja, silirudii.

Nami nina langu. Magoti yangu hayana kitu. Uliposema tuliitwa maua ya madhabahu, na ukasema ulicheka nao, nilikwenda kabatini nikaikunja nguo nyeupe. Niliona, mdogo wangu akipata ya kweli, ya nini mimi kuvaa ya mchezo? Nikakaa nyuma kwa gauni la bluu. Watu nikawaambia magoti, nawe nikakuambia magoti.

Sasa sikiliza ya jana.

Jana ilikuwa Jumapili ya Meza. Mama Arzula Tate, mama mkubwa wa kanisa, unajua naye hujichoma sindano ya sukari tangu zamani. Wimbo wa pili akainua mikono, akaita jina la Yesu, akaanguka. Kina mama wa nguo nyeupe wakamzunguka, miguu ikafunikwa, mapepeo matano juu yake. Mimi niko benchi la nyuma, na barua yako iko ndani ya Biblia yangu. Nikainuka. Niliwapita watu kama mwenye deni, gauni langu la bluu na yote.

Nikamgusa paji. Baridi, Vernell. Limelowa.

"Huyu amekula?"

Binti yake akasema, "Mama Ozella, leo Meza, mama hali."

Shemasi Yarbrough akapaza sauti kutoka mbele, "Mwacheni Roho! Msimzuie Roho!"

Nikamgeukia. "Shemasi, Roho hatoi jasho la baridi. Kimbia jikoni ulete chai tamu ya barafu."

"Mimi?"

"Wewe una miguu au nusu?"

Akakimbia! Sijamwona Shemasi akikimbia tangu nyuki walipoingia kanisani. Akarudi na mtungi mzima, nusu yake suruali imekunywa. Mama Arzula alikuwa bado anameza, nikamtilia kidogo kidogo. Rangi ikarudi, macho yakarudi, na ulimi haukuchelewa: "Ni nani huyu amenimwagia chai kwenye nguo ya Meza?"

Mchungaji akafunga Biblia. Akatangaza kwamba kuanzia jana kila mwenye sindano ale kwanza ndipo aje, kwa maana Bwana alisema twaeni mle, hakusema mzimie.

Kwa hiyo Mama Arzula anapumua kwa kosa lako. Sisemi kosa limekuwa zuri. Nasema usilitupe.

Ukisimama mbele ya hao walimu, usiwasimulie habari yetu ili wakuonee huruma. Waambie ulikosea wapi, na kesho utafanya nini. Halafu nyamaza. Usiongee taratibu.

Dada yako


Memphis, Jumatatu ya Pasaka, 1979

Dada yangu,

Kafufuka! Nami nimefufuka kidogo.

Walimu walikuwa watatu. Nilifanya kama ulivyosema. Bi Beasley aliniuliza swali moja tu: "Mgonjwa wa insulini akikuambia amefunga kwa ajili ya Mungu, utamjibu nini?" Nikasema, "Nitamwambia nimemsikia, na simdharau. Kisha siondoki na sinia mpaka muuguzi mkubwa ajue." Akaandika kitu. Wakaniambia nitarudia wodi yote toka mwanzo, na nitavishwa beji mwezi wa Agosti na kundi la pili. Nililia chooni, nikanawa, nikarudi kutandika vitanda.

Dada, nilicheka. Sina cha kujitetea. Nilitaka wasichana wale wanione mmoja wao, nikakuuza wewe kwa kicheko. Nisamehe. Kabla sijajua mshipa uko wapi, wewe ulishanifundisha kumdaka mtu asigonge kichwa, kumfunika asidhalilike, na kukaa naye mpaka aamke. Yaliyobaki ndiyo niliyokuja kujifunza huku.

Nimemwandikisha wa kunivisha beji. Bi Beasley akasoma jina. "Ozella Pettigrew. Ana leseni?"

"Hana."

"Muuguzi wa hospitali gani?"

"Mlima Pisga," nikasema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Akafunika kalamu yake. Kisha akasema, "Basi aje. Ile pini ni kali, mwambie asikutoboe. Kutoboa watu ni kazi yangu."

Njoo, Dada. Na usije na bluu.

Vernell


Cypress Fork, 20 Agosti 1979

Mdogo wangu,

Tulifika salama. Basi liliimba njia nzima, na Shemasi, ambaye hakualikwa na mtu, ndiye aliyeanzisha nyimbo.

Wewe ulikuwa mbele na ile taa ya kiapo cha uuguzi mkononi, mengi hukuyaona. Hukuona kina mama wetu walivyoingia mistari miwili, nguo nyeupe, glavu nyeupe, na ukumbi mzima wa watu wa mjini ukasimama wakidhani ndio wakubwa wa hospitali. Hatukuwasahihisha.

Hukuniona nilipokuwa nasubiri jina langu. Niliishika ile beji kiganjani, nikaukumbuka ufagio. Pini ikaniteleza, ndiyo maana nilikuchoma. Samahani. Hukupiga kelele, na Mzee Whitlow pale kwenye kiti chake cha magurudumu akasema kwa besi yake, "Ataanza lini?" Watu wote wakaangua kicheko na mimi nikapata upenyo wa kufuta machozi.

Baadaye Bi Beasley alinijia. Ni mfupi kuliko ulivyoandika. Akasema amesikia ya Mama Arzula kwa Mchungaji wetu. Akauliza, "Nani alikufundisha kumtilia chai kidogo kidogo?" Nikasema, "Mwanafunzi wako." Akafungua mkoba, akanirudishia pepeo lako. "Hili ni la kwenu," akasema.

Nakutumia humu. Upande wa Bwana Yesu nimeuacha ulivyo. Upande wa majeneza nimeufunika kwa kitambaa cheupe, nimekikata kwenye aproni yangu ya zamani, maana mpya nimeshashona. Nimerudi benchi la mbele.

Mtihani wa jimbo, Oktoba. Tunafunga kwa ajili yako. Wenye sindano wanakula.

Ozella, mwenyekiti


Memphis, 7 Januari 1980

Dada yangu Ozella,

Leseni imekuja! Nimeishika kwa glavu ili nisiichafue. Nimefaulu, na nyumba ya wazee imenichukua kazini, na jana ilikuwa Jumapili yangu ya kwanza ya Meza na kofia yangu kichwani.

Nilikwisha kuzungumza na mchungaji anayekuja pale. Sasa wenye sindano anawaletea Meza vitandani mapema, kabla ya chochote. Mzee Whitlow akashiriki, akachomwa, kisha akala mayai yake yote na la jirani yake. Nilisimama pale mpaka sahani ikawa nyeupe. Akaniambia, "Binti, wewe ni askari jela." Nikamwambia, "Tafuna, Mzee."

Ibada ikaanza. Akaimba. Dada, akaimba! Mara akainua mikono, akatetemeka, akapiga ukelele, akateleza kitini.

Wasaidizi wote wakanitazama mimi. Bi Beasley alikuwa mlangoni na wanafunzi wapya, naye akanitazama mimi.

Nikamshika kabla hajafika chini. Nikamgusa paji: joto, kavu. Nikashika mshipa wa mkono: unapiga kama ngoma ya watu wazima. Nikamwinamia. "Mzee, jina lako nani?"

Akafumbua jicho moja. "Alonzo Whitlow, nimekula mayai matatu, na sasa niache nimsifu Mungu wangu!"

Nikageuka kwa wasaidizi. "Hili si la dawa," nikasema. "Nileteeni shuka."

Nikamfunika miguu. Nikatoa pepeo lako, nikaketi sakafuni karibu yake na sare yangu mpya, nikampepea mpaka alipomaliza. Nilipoinua macho, Bi Beasley alikuwa akinionyesha kwa kidole kwa wanafunzi wake, na midomo yake niliisoma kutoka pale chini: "Mmeona alivyogusa kwanza?"

Msomee Shemasi jina langu hapa chini, lote, kwa sauti.

Vernell Stovall
Muuguzi mwenye leseni, Jimbo la Tennessee
(mzima)